Re: Taulo za kike za kufua, tusajili NGO au kampuni?
Mkuu, umesema mko watatu mnataka kushona taulo za kike za kufua mziuze na nyingine mgawe bure mashuleni, sasa mjiulize kwanza, hela ikibaki mwisho wa mwaka mnataka kugawana? Kama ndio nendeni BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara Tanzania, mfungue kampuni yaishe, maana NGO kwa sheria ya NGO ya 2002 haigawi faida kwa wanachama, labda mjilipe mshahara tu. Na msidanganywe eti NGO hailipi kodi, huo msamaha hauji wenyewe, lazima muombe TRA, mamlaka ya mapato, wawatambue kama taasisi ya hisani. Mi ningeanza na kampuni, za bure zitoke kwenye faida. Ila kama mnategemea wafadhili aisee, wengi wao kampuni hawaigusi.