Jibu kwa wanaosema mabadiliko ya tabianchi ni uongo wa wazungu: niliyoyaona Ziwa Tanganyika

Wakuu, habari za jioni.

Mleta mada ameuliza hivi, kwa kifupi: kama kweli dunia inapata joto kwa sababu ya moshi wa viwanda na magari, mbona Ziwa Tanganyika limejaa mpaka maji yameingia kwenye nyumba za watu Kibirizi, hapa Kigoma, wakati tuliambiwa maziwa yatakauka? Akaongeza kwamba hii ni hadithi ya wazungu ya kutuzuia tusichimbe mafuta na makaa yetu ya mawe, na kwamba siri yao ilifichuka zilipovuja barua pepe za wanasayansi wa Uingereza. Wachangiaji wengi wamemuunga mkono. Nimesoma uzi wote tangu mwanzo nikaona nisinyamaze, kwa sababu mimi ni mtoto wa Katonga, hukuhuku Kigoma, nimekulia kwenye kipe cha mzee wangu, na maneno hayohayo niliyaamini kwa muda mrefu.

Kwa wasiojua, kipe ni mitumbwi miwili iliyofungwa sambamba kwa miti. Wavu unashushwa katikati, taa zinawashwa, dagaa wanaufuata mwanga, kisha wavu unavutwa. Ni kazi ya usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka watu hubaki pwani wakiziba nyavu. Mzee wangu alikuwa na daftari la shule lenye jalada la kijani, na kila giza likiisha alichora kwa penseli mstari mmoja kwa kila ndoo ya dagaa. Kurasa za miaka ya themanini zimejaa mpaka pembeni. Za mwisho, kabla hajauza kipe, zina nafasi nyeupe kubwa. Naomba mnielewe: daftari hilo peke yake silileti kama ushahidi. Vipe viliongezeka, watu waliongezeka, makokoro yaliingia. Mtu akisema tumevua kupita kiasi, namkubalia bila ubishi. Ndiyo maana hata nchi zetu nne zinazopakana na ziwa ziliafikiana kupumzisha ziwa, na mwaka 2024 uvuvi ukasimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti.

Ushahidi wangu unaanzia kwenye chupa.

Mwaka 2004 nilipata kibarua cha kuendesha boti iliyokodiwa na watafiti. Walikuwa na chupa ndefu ya plastiki, wazi juu na chini, iliyoning'inizwa kwenye waya. Unaishusha hadi kina unachotaka, halafu unaachia kipande cha chuma kiteleze kwenye waya. Kikigonga, vifuniko vyote viwili vinajifunga na maji ya kina kile yanabaki humo ndani. Kazi yangu ilikuwa kuzungusha roda ya kuivuta juu. Siku ya kwanza walivuta maji ya mita zaidi ya mia mbili. Kilipofunguliwa kijibomba chini ya chupa, boti nzima ilinuka mayai viza. Nilidhani kuna mzoga umenaswa. Kijana wa Kitanzania aliyekuwa anaandika vipimo akanieleza kwamba hiyo ndiyo harufu ya maji yasiyo na hewa, na kwamba sehemu kubwa ya ziwa letu, lenye kina cha mita 1,470 mahali pake pa chini kabisa, iko hivyo. Samaki hawaishi huko. Uhai wote tunaovua uko kwenye tabaka la juu, jembamba mno ukilinganisha na maji yaliyo chini yake.

Akaniwekea mkono kwenye chupa mbili. Ya juu ilikuwa vuguvugu, ya chini imepoa. Tofauti ni nyuzi tatu hivi, kwa sababu juu maji huwa nyuzi 26 au 27 na chini kabisa 23 na kitu. Kwa mkono unaona ni jambo dogo. Kwa ziwa ni kubwa sana, maana maji ya moto ni mepesi na hukaa juu ya yaliyopoa kama mafuta ya mawese yanavyoelea juu ya mchuzi. Huko chini ndiko iliko mbolea, yaani mabaki ya kila kilichokufa na kuzama kwa karne na karne. Upepo wa kusini wa kiangazi, ule unaoanza mwezi wa tano na kutufanya tuvae makoti alfajiri, ndio unaosukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na yale ya chini yakapata nafasi ya kupanda, hasa upande wa Zambia. Yakipanda na mbolea yake, mwani unaota, vijidudu wanakula mwani, dagaa wanakula vijidudu, mgebuka anakula dagaa, nasi tunakula wote. Lile tabaka la juu likizidi kupata joto linazidi kuwa jepesi, na upepo uleule hauwezi tena kulichanganya vizuri na la chini. Mbolea inabaki ilipo.

Wakati ule nilichukua posho yangu nikaenda zangu. Miaka ikapita, simu zikaja, makundi yakaja, nikaanza kupokea zile sauti na video za kwamba joto la dunia ni mradi wa kututawala. Nikaziamini, na sababu naijua: ziligusa kidonda cha kweli. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kulipinga bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima hadi Tanga. Watu waliochoma mafuta na makaa kwa zaidi ya miaka mia wanatuamulia sisi! Hasira hiyo bado ninayo na siombi radhi. Kosa langu lilikuwa kuchukua hasira dhidi ya bunge la watu nikaigeuza kuwa hoja dhidi ya kipimajoto.

Kilichonibadilisha ni mwaka mmoja: 1913. Shemeji yangu anayefundisha sekondari Kasulu alinisomea muhtasari wa tafiti mbili kuhusu ziwa letu zilizochapishwa mwaka 2003, moja kwenye jarida la Science na nyingine kwenye Nature. Zilionyesha kwamba maji yamepata joto, mchanganyiko wa juu na chini umepungua, na uzalishaji wa chakula cha samaki umeshuka. Ile ya Nature ilikadiria upungufu wa asilimia 20 hivi, ambao kwa samaki unaweza kufika asilimia 30. Nilimuuliza wamejuaje ya zamani. Akasema vipimo vya kale walivyolinganisha navyo ni vya 1913. Nikanyamaza kabisa. Huo ni mwaka ambao meli yetu ya Liemba ilikuwa inaundwa Ujerumani na reli ilikuwa haijafika Kigoma. Aliyeshusha kipimajoto ziwani mwaka ule hakuwa na habari ya mikutano ya tabianchi, wala biashara ya kaboni, wala majiko ya gesi. Alipima akaandika akaondoka. Wakaja wengine miaka ya thelathini na arobaini, kisha wa baada ya uhuru, wazungu na Waafrika, hawajuani, wengi wao walishakufa. Namba zao ukizipanga kwa miaka zinapanda. Nani aliwakutanisha ili wale njama?

Tena si vipimajoto peke yake. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti uliosoma matope ya chini ya ziwa, yanayolala tabaka kwa tabaka, na kukuta kwamba joto la mwishoni mwa karne ya 20 halijawahi kufikiwa ndani ya miaka 1,500. Na mwaka 2016 wengine wakahesabu mabaki ya samaki na konokono ndani ya matope hayo, wakakuta kupungua kulianza kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara wa miaka ya hamsini. Kwa hiyo lawama si za nyavu peke yake.

Sasa swali la ziwa kujaa. Hapa naomba nitofautiane pia na wanaonitetea. Msitumie mafuriko ya Kibirizi kama ushahidi mkuu, mtapigwa kwa hoja. Kina cha ziwa hili kimepanda na kushuka tangu zamani. Mwaka 1878 lilikuwa juu kuliko leo, likabomoa kizuizi kwenye mlango wa Mto Lukuga kule Kalemie, likashuka mita kadhaa. Ndiyo maana pale Ujiji, Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, leo ukisimama kwenye mnara unaliona ziwa liko mbali. Lukuga ndio mlango pekee wa kutokea, na maji mengi zaidi hupotea kwa mvuke. Ikinyesha mfululizo, kama ilivyoanza mwisho wa 2019 Bahari ya Hindi upande wetu ilipopata joto kupita kawaida, ziwa linajaa. Hewa yenye joto hubeba mvuke zaidi, asilimia 7 hivi kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo mvua kubwa zinapata nguvu. Lakini kina kinaweza kupanda huku joto la maji nalo linapanda. Ndoo ikijaa haina maana imepoa.

Barua pepe zilizovuja ni za Novemba 2009, kutoka Chuo Kikuu cha East Anglia. Neno lililoshikiliwa ni moja, ambalo kwa Kiswahili watu wamelitafsiri "hila". Fundi wa injini za boti akikwambia "kuna ujanja wa kuiwasha hii", hajasema anakuibia. Barua moja pia ilitaja kuficha "upungufu", na huo haukuwa wa joto la dunia. Ni pete za miti fulani, yaani alama za ukuaji ndani ya shina zinazotumika kukadiria joto la zamani, ambazo tangu 1960 hivi ziliacha kufuatana na vipimajoto. Zilifanyika chunguzi kadhaa, mojawapo ya kamati ya Bunge la Uingereza. Wachunguzi waliwakosoa wanasayansi hao kwa kutokuwa wazi na data zao, na hilo ni kosa, lakini hawakukuta data ya kughushi. Na kuna Richard Muller, mwanafizikia wa California, aliyekuwa na shaka na vipimo vyote hivi. Alianza upya na timu yake, sehemu ya fedha ikitoka kwenye mfuko wa Charles Koch, tajiri wa mafuta. Mwaka 2012 akatangaza kwamba joto limepanda kweli, na karibu lote limesababishwa na binadamu.

Wapo wanaosema joto linaletwa na jua au volkano; hayo nitayapita haraka. Kama ni jua, hewa ya juu sana nayo ingepata joto. Setilaiti zinaonyesha inapoa huku ya chini inapata joto. Volkano zote kwa mwaka hutoa kaboni, ile gesi ya moshi inayonasa joto, chini ya asilimia 1 ya tunayotoa sisi. Na kaboni inayoongezeka angani ina alama ya makaa na mafuta ya kale. Mwaka 1958, ilipoanza kupimwa mfululizo Hawaii, ilikuwa sehemu 315 kwa kila milioni. Sasa imepita 420.

Nimalizie na hili linaloniuma zaidi. Tunasema ni uongo wa wazungu. Haya, tuangalie nani alituletea hadithi ya kwamba ni uongo. Mwaka 2012 Donald Trump aliandika kwamba joto la dunia limebuniwa na Wachina ili kuviumiza viwanda vya Marekani. Februari 2015 seneta James Inhofe aliingia na donge la theluji ndani ya Seneti ya Marekani kuonyesha kwamba dunia haina joto. Na kampuni ya mafuta ya Exxon ya hukohuko Marekani, ambayo wanasayansi wake walikadiria ongezeko la joto tangu mwishoni mwa miaka ya sabini, na makadirio yao yakaja kuwa sahihi kama utafiti wa 2023 ulivyoonyesha, ilitumia miaka mingi kuwaambia watu kwamba bado hakuna uhakika. Hadithi hii ilitengenezwa huko, na wenye mafuta, kwa faida yao. Sisi wa Katonga tunaibeba bure.

Na inatugharimu. Mwaka 2022 kwenye mkutano wa tabianchi kule Sharm el-Sheikh, Misri, nchi zetu zilipigania hadi ukakubaliwa mfuko wa hasara na uharibifu, ambao waliochafua wawachangie wanaoumia. Afrika nzima hutoa kama asilimia 4 tu ya hewa chafu ya dunia. Mvuvi anayesema joto ni uongo anamwambia mdeni wake hadaiwi.

Mleta mada, kuhusu bomba, mkaa na nani atulipie majiko ya gesi, fungua uzi wake, nitakuja, na kwa mengi nitakuwa upande wako. Daftari la mzee ninalo hapa. Kesho nikipata mwanga mzuri nitapiga picha za kurasa chache niziweke, muone mistari yenyewe.