Tone la asidi kabla ya kupeleka udongo maabara

Wanafunzi wawili wameniuliza mwezi huu waanzie wapi kupima kaboni ya udongo wa vichakani kwa isotopu, yaani aina za kaboni zinazotofautiana kwa uzito. Jibu langu ni moja: anzeni na tone la asidi, mkiwa bado shimoni.

Nasema hivi kwa sababu ya shimo nililochimba Kajiado, chini ya oiti, mti wa miiba ambao wengine huuita kikwata. Wafugaji wa pale walikuwa wakiona malisho yao yakimezwa na vichaka mwaka hadi mwaka. Nilitaka kujua kaboni iliyo ardhini ni ya nani: ya nyasi zilizokuwepo, au ya vichaka vilivyoingia?

Swali hilo isotopu hulijibu vizuri. Kaboni-13, ile nzito, ni kama asilimia 1.1 tu ya kaboni yote, na vichaka huikwepa zaidi kuliko nyasi za nchi za joto. Jani la kichaka ukilipima hutoa karibu hasi 27 kwa elfu, yaani kaboni-13 yake iko chini ya kipimo rejea cha kimataifa kwa sehemu 27 katika kila elfu; la nyasi karibu hasi 13, na likioza alama yake hubaki udongoni. Ukipata hasi 20, kaboni hiyo ni nusu kwa nusu.

Sampuli zangu za juu zilitoa hasi 21. Za sentimita 60 zikatoa hasi 6, nami nikaandika kwenye daftari kwamba nimezifikia nyasi za kale. Siku ya pili ndipo nilipoona kosa: nyasi yenyewe haifiki hasi 6. Ilikuwa chokaa. Katika nchi kavu mvua haitoshi kuisafisha, hivyo hujikusanya chini, na kaboni yake ni nzito kuliko ya mmea wowote uliooza.

Kwa hiyo dondosheni asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa kwenye udongo wa kila kina. Ukitoa povu, chokaa ipo, na lazima iondolewe kabla ya kupima. Mimi napendelea kuufukiza kwa mvuke wa asidi ndani ya chombo kilichofungwa, kwa sababu kuuosha hupoteza sehemu ya kaboni mnayoitafuta. Udongo uloweshwe kidogo kwanza, na uwekwe kwenye vikopo vya fedha. Vya bati huliwa na asidi. Nilipoirudia kazi hivyo, sentimita 60 ikatoa hasi 14. Nyasi kweli.

Chungulieni pia mimea iliyo chini ya kichaka. Oldupai, ule mkonge wa porini uliolipa jina bonde la Olduvai, hufyonza hewa usiku na alama yake hukaribia ya nyasi. Ukiwa mwingi mahali, namba zitawadanganya.

Na ulizeni wenyeji kabla ya kushika jembe. Nilipokuwa nikipima eneo la shimo la pili, mzee mmoja alinisimamisha.

"Kijana, hapo unatafuta nini?"

"Udongo wa zamani, mzee."

"Hapo palikuwa boma la baba yangu."

Samadi ya ng'ombe ni nyasi iliyopitia tumboni. Shimo lile lingenionyesha mbuga ya nyasi, kumbe ni zizi. Nilimshukuru nikahamia mbali, na tangu siku hiyo swali la maboma ya zamani ni la kwanza kwenye fomu yangu.

Tofauti ndogo za kina zisiwatie haraka. Alama ya udongo unaozeeka hupanda kidogo yenyewe, na hewa ya leo imepungukiwa kaboni-13 kwa karibu 2 kwa elfu tangu enzi za kabla ya viwanda, kwa sababu makaa ya mawe na mafuta tunayochoma yametokana na mimea na mwani wa kale, ambao nao uliikwepa kaboni-13. Hewa ukaa hiyohiyo, iliyotoka sehemu 280 kwa milioni ikapita 420, huvinufaisha vichaka kuliko nyasi, ndiyo maana kazi hii haiwezi kungoja.

Kaboni-13 itawaambia ni mmea gani, haitawaambia ni lini. Kwa hilo kuna kaboni-14, aina inayopungua kadiri miaka inavyopita, ambayo kuipima ni ghali. Chagueni sampuli chache, zile ambazo asidi imeshazipitia.