Obon ya kwanza ya mama yako

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama Obon ya kwanza ya marehemu mama yako, yaani zile siku ambazo Wajapani hupokea nyumbani roho za marehemu wao, ni mwaka huu wa 2025, na utaiandaaje hapo Dodoma. Ni mwaka huu. Alifariki 3 Machi, na kwao Japani siku ya kufariki ndiyo huhesabiwa ya kwanza, kwa hiyo siku ya 49, inayomaliza maombolezo, ilikuwa 20 Aprili. Obon ya kwanza ni ile inayofuata siku hizo zikishatimia. Angefariki Julai, tungengoja mwakani.

Kwao mkoani Niigata, Obon ni 13 hadi 16 Agosti. Ukisoma mahali wametaja Julai, hao wanafuata desturi ya Tokyo. Tena, ukoo wao ni wa Soto, dhehebu la Kibuddha. Wafuasi wa Jodo Shinshu, dhehebu jingine la Kibuddha, hawawashi moto wa kumpokea marehemu, na ukichukua maelekezo yao utaacha mambo ambayo mama yako aliwafanyia wazazi wake kila mwaka.

Kwenye meza ya kumkumbuka weka picha yake, kile kibao cheusi chenye jina (cheupe kilikuwa cha siku 49 tu), maji safi, mshumaa, udi wa vijiti na maua. Waridi acha, lina miiba. Taa ya karatasi iwe nyeupe, maana ni ya mwaka wa kwanza pekee. Weka pia tango na biringanya: tango ni farasi wa kuileta roho yake upesi. Biringanya ni ng'ombe wa kumrudisha taratibu. Kila kimoja kichomeke vijiti vinne vya meno kama miguu. Chagua biringanya fupi, refu huanguka. Waachie wajukuu wake kazi hiyo, na wakiwa wanaifanya waambie bibi yao alikuwa nani.

Jioni ya 13 washa moto mdogo mlangoni juu ya kigae, na jioni ya 16 tena wa kumsindikiza. Japani huchoma mabua ya mmea wa jamii ya bangi. Hayo usithubutu kuyaagiza. Mabua makavu ya mtama yanatosha. Udi ukishika moto, zima mwali wake kwa kupunga mkono. Usiupulize kwa mdomo.

Chakula cha mezani hakiwi na nyama wala samaki, hata kwenye supu. Loweka gramu 10 za kombu (mwani mkavu wa Kijapani) na uyoga mkavu wa shiitake mitatu katika lita 1 ya maji usiku kucha, kisha pasha polepole. Kombu itoe kabla maji hayajachemka, la sivyo supu itakuwa chungu na yenye utelezi. Mwani wa Zanzibar ni wa aina nyingine, haufai hapa.

Tonge lake la wali na umeboshi, lile tunda chachu la chumvi, lisikosekane, alilipenda mno. Mchele wa Kyela unanukia lakini haushikani, tonge litamwagika. Tafuta wa Kijapani, wenye punje fupi. Vikombe 2 vioshe mara tatu au nne, loweka nusu saa, tia maji vikombe 2 na robo. Ukichemka punguza moto, dakika 12, epua, uache dakika 10 bila kufunua. Finyanga kwa mikono iliyolowa maji ya chumvi. Vijiti vya kulia usivisimamishe kwenye wali. Hivyo hufanywa kwa wali wa msibani. Udi ukiisha, kuleni chakula hicho kabla hakijachacha.

Kumbukumbu ya mwaka ni 3 Machi 2026. Ile waiitayo ya tatu ni 2027, si 2028, kwa hesabu ileile ya kuanzia siku ya kufariki. Mwandikie mjomba wako mapema, hekalu lao hupangiwa tarehe miezi kadhaa kabla.

Baba yako