Zimwi lako la Karume: usianze na mwaka ulioandikwa mguuni

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Umesema umenunua fungu la midoli ya mtumba pale soko la Karume, Dar, na ndani yake kuna mmoja wa kama sentimita 23, nywele za pinki zimesimama wima kama kapigwa shoti, macho ya kahawia, chini ya mguu pameandikwa Dam na mwaka 1977. Fundi simu kakuonyesha tangazo la mdoli wa namna hiyo kwa dola elfu na ushee, sasa unauliza kama umeokota dhahabu. Halafu mwishoni kabisa, kama mtu anayetaja hali ya hewa, ukasema kulikuwa na kingine kidogo, rangi ya tende, kigumu, kina mkia na nywele "kama za mbuzi", hakina maandishi popote, ukampa mpwa wako achezee.

Nitakujibu kuhusu huyo wa pinki. Ila roho yangu iko kwa mpwa wako.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Aalborg, kaskazini mwa Denmark, huu mwaka wa 14. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Haya matroli, yaani midoli ya mazimwi kama huyo wako wa pinki (sio lile la kusukumia mabegi uwanja wa ndege), niliyaona kwanza dirishani kwa bibi mmoja niliyekuwa namhudumia. Alikuwa nayo matatu, kayapanga yanatazama nje. Nikamwuliza, kwetu zimwi linatishia watoto wasiotaka kulala, nyie mnaliweka dirishani? Alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia hayo ni ya bahati, kwa lugha yao lykketrold, na yametoka hapo ng'ambo ya maji tu.

Na kweli ni hapo tu. Gjøl ni kijiji kando ya mlangobahari wa Limfjord, kwa gari ni kama nusu saa toka kwangu. Huko ndiko alikotoka Thomas Dam, mwenye jina hilo uliloliona mguuni. Inasimuliwa kwamba hakuwa na hela ya kumnunulia bintiye zawadi, akamchongea mdoli wa mbao. Watu wakaupenda, na kufikia 1959 akawa anatengeneza ya kuuza. Ya mwanzo yalikuwa ya mpira, ndani yameshindiliwa vumbi na maranda ya mbao, macho ya kioo, na kichwani kipande cha ngozi ya kondoo na sufu yake. Baadaye ndiyo wakahamia kwenye plastiki ya PVC iliyo wazi ndani. Hayo mambo matatu, yaani nywele, macho na mwili, ndiyo kitambulisho chenyewe. Maandishi ya mguuni au mgongoni mimi huyasoma mwisho, na sababu yake ni kesi ya mahakamani.

Miaka ya 1963 hadi 1965 Marekani iliingiwa na wazimu wa haya matroli. Sasa, sheria ya hakimiliki ya kule wakati huo ilikuwa kali: ukiuza kitu bila alama sahihi ya hakimiliki, umekitoa sadaka. Midoli mingi ya Dam ilikuwa imeingia sokoni bila alama hiyo, au ikiwa na alama yenye kasoro. Mwaka 1965 mahakama ya Washington ikaamua kwamba umbo lile ni mali ya umma. Basi tena. Kila mwenye kiwanda akafyatua lake. Kampuni ya Uneeda ilikuwa na yake iliyoyaita Wishnik, nayo hayana shida kuyatambua, yana viatu viwili vya farasi vimechorwa chini ya nyayo. Wengine waliuza bila jina kabisa. Mambo yakaja kugeuka baada ya Marekani kupitisha sheria mwaka 1994 iliyorudisha hakimiliki za kigeni zilizopotea kwa namna ile, na ikaanza kutumika 1996. Uneeda walipojaribu kuyarudisha Wishnik sokoni mwaka 2005, mahakama ziliwazuia, na rufaa yao ikagonga mwamba 2007.

Ndiyo maana nakwambia mguu unaweza kukudanganya pande zote mbili. Troli lisilo na maandishi linaweza kuwa la Gjøl la mwanzo kabisa, na linaweza kuwa la kuiga la bei ya karanga. Na lenye mwaka, ule mwaka ni wa kudai hakimiliki ya umbo. Kalibu ikishachongwa 1977 inaendelea kutoa midoli miaka na miaka, na kila mmoja unatoka na 1977 yake mguuni. Nimewahi kushika mawili yenye 1977, moja limefifia limezeeka, jingine bado lina kikaratasi cha duka na bei ya miaka ya tisini. Mguu ni ule ule.

Sasa nywele, maana hapa ndipo wengi tunapoliwa.

Nywele za zamani hazikupandikizwa moja moja kama za wale midoli wembamba wa kike. Ni utepe wa ngozi halisi umebanwa kwenye ufa au umegundishwa utosini. Zifungue taratibu kwa vidole viwili, angalia shinani. Ukiona ngozi, kavu, nyeupe au ya kahawia kidogo, na nywele zimeota humo bila mpangilio, nyingine ndefu nyingine fupi, hapo kaa chini uagize chai. Ukiona uzi wa mshono au wavu, na nywele zote zina urefu mmoja, hiyo ni sintetiki. Kama bado una shaka, chomoa unywele mmoja, mmoja tu, uuchome kwa kiberiti. Sufu hunuka kama nywele za saluni zikiungua na huacha majivu yanayosagika kidoleni. Plastiki huyeyuka ikawa kishanga kigumu. Rangi isikuzuzue. Zamani kulikuwa na nyeupe na nyeusi za kondoo mwenyewe, na za kupakwa rangi pia, ila rangi ya sufu iliyokaa miaka sitini huwa imepauka nje na imebaki kali kule chini karibu na ngozi. Ikiwa kali sawasawa kuanzia shina hadi ncha, jiulize.

Hilo la mwisho nililijua kwa hasara. Mwaka wangu wa tatu kwenye huu ugonjwa wa kukusanya matroli nilinunua mtandaoni troli la sentimita 30, nywele za chungwa, muuzaji akaapa ni la mwaka 1964. Kroner 900 za Denmark. Picha zote alizipiga mbele, hata moja ya utosini hakuna, nami kwa tamaa sikuomba. Lilipofika, mwili ulikuwa wa zamani kweli, macho ya kioo kweli, lakini kichwani kabandikwa wigi la troli la miaka ya tisini kwa gundi ya moto. Gundi bado inang'aa! Bibi wa dirishani nilipompelekea aliliangalia, akasema, "Maskini, amevaa kofia ya mjukuu wake." Lipo kabatini mpaka leo, sijapata moyo wa kuliuza wala wa kulivua.

Macho ni rahisi zaidi. Kioo ni cha baridi ukikigusisha mdomoni, na ukikigonga kwa ukucha kinalia kikavu. Plastiki haina baridi hiyo, na mara nyingi ukiiangalia pembeni utaona kijistari cha kalibu. Mwili nao: ule wa mpira wenye maranda ni mzito kuliko unavyoutarajia, ukiubonyeza kidogo unahisi umejaa kitu kikavu, na aghalabu mpira umeshakakamaa na kupasuka nyufa ndogo makwapani na shingoni. Wa PVC ukiubonyeza unatoa pumzi. Usibonyeze kwa nguvu lakini, mpira wa miaka sitini hauna msamaha.

Ya miaka ya tisini sitayamalizia wino. Ya Russ yameandikwa Russ chini ya mguu, yenye kito kitovuni ni ya Ace na yaliitwa Treasure Trolls, na yote hayo yalitoka kwa mamilioni. Ni mazuri kwa mtoto.

Kuna jamii moja ambayo watu wa kwetu wangeipita kwa sababu haifanani na troli: wanyama. Miaka ya sitini Dam walitoa tembo, ng'ombe, simba, punda, hata twiga, wote wana shungi la nywele. Twiga wa mtu wa Gjøl, mkuu, ukimwona utacheka, ila ukimkuta Karume usicheke kwa sauti, lipa uondoke. Na wapo wenye mikia. Hao nitawarudia.

Kuhusu hiyo dola elfu. Tangazo ni ndoto ya muuzaji. Mimi naweza kutangaza ndala zangu kwa milioni mbili, nani atanizuia? Kwenye eBay, lile soko la mtandaoni, kuna sehemu ya kuchuja vitu vilivyokwisha kuuzwa, hapo ndipo pa kuangalia. Troli la 1977 la ukubwa wa lako, plastiki, nywele sintetiki, ndilo lile Wamarekani walikuwa wakiliuziwa kwa jina la Norfin, na yako mengi mno. Likiwa safi na nguo zake utapata dola kadhaa, pengine makumi kidogo kama mnunuzi ana kumbukumbu nalo. Toa posta kutoka Dar na utaona mwenyewe kilichobaki. Ya mwanzo, ya mpira na maranda na ngozi yake ya asili, ndiyo yanayofika mamia ya dola, na hapo hali ya nywele inaweza kupunguza bei nusu nzima.

Hapa Denmark mimi huyapata zaidi kwenye loppemarked, yaani soko la viroboto neno kwa neno, na kwenye maduka ya mitumba ya makanisa. Siri yangu ni kwenda Jumamosi kukinyesha. Wenye magari mazuri wanabaki kwao. Nilishapata la kroner 20 ndani ya sanduku la vijiko. Bibi mwenyewe aliniachia moja alipofariki, watoto wake wakaniita nikalichukue. Hilo haliuzwi, hata usiulize.

Sasa kuhusu kuosha na kutunza, maana nahisi umeshashika sabuni. Plastiki pekee unaweza kuifuta kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo. Jik hapana, asetoni ya kutolea rangi ya kucha hapana kabisa, inakula uso. Nywele za ngozi usizilowanishe. La kwanza nililowahi kupata nililiosha kama ninavyoosha mtoto, kuanzia kichwani, na maji ya moto juu. Ngozi ikajikunja ikawa ngumu kama kipande cha kiatu, gundi ikaachia, nikabaki na upara mkononi huku na nywele mkononi kule. Chanua kavu, kwa mswaki laini, kuanzia nchani kurudi chini.

Joto la Dar nalo ni adui. PVC ya zamani inatoa jasho, inakuwa ya kunata, na ukiifungia kwenye mfuko wa plastiki inazidi. Ifunge kwa kipande cha khanga kuukuu iliyofuliwa, weka kabatini mbali na jua. Nondo wanapenda sufu kuliko wewe unavyoipenda, lakini usiweke vidonge vya nafthalini humo, mvuke wake unaweza kulainisha plastiki. Mimi nikileta jipya nyumbani nalifunga vizuri kwenye mfuko, naliweka kwenye friza wiki mbili, mayai na vifaranga vya nondo vinakufa. Mume wangu alishafungua friza kutafuta nguru akakutana na sura ile. Mpaka leo anabisha hodi kwenye friza.

Haya, mpwa.

Umesema kigumu. Umesema rangi ya tende, na mpira ukizeeka huenda kwenye weusi. Umesema nywele kama za mbuzi, na mtu asiyejua troli ni nini akishika sufu ya kondoo juu ya ngozi yake atasema hivyo hivyo. Umesema mkia. Dam walitoa matroli yenye mikia miaka ya sitini, na ni machache yanayopatikana. Sikuahidi kitu, kuna Wajerumani nao walitengeneza vizimwi vya manyoya halisi, na kuna vya kuiga visivyo na kwao. Lakini wewe umeuliza kuhusu mwenye maandishi ukamgawa asiye na maandishi, na mimi ningefanya kinyume.

Nenda kwa dada yako leo. Usimnyang'anye mtoto, mpelekee huyo wa pinki mbadilishane, atafurahi zaidi maana ni mkubwa. Kisha nipigie picha nne kwenye mwanga wa mchana bila flashi: utosini ukiwa umefunua nywele hadi shinani, jicho kwa pembeni, nyayo zote mbili, na pale mkia unapoungana na mwili, nataka kuona kama umetoka pamoja na kiwiliwili au umebandikwa. Weka na shilingi mia kando yake nipate ukubwa. Na kama shemeji ameshamtia kwenye beseni la nguo, niambie ukweli tu, nimeshakusimulia la kwangu.