Uliniuliza Kama Inauma

Mwanangu Ilunga,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara mbili. Unasema mama mkwe wako wa Likasi amepatikana na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na daktari anataka kuanza na la kulia. Yeye anaogopa kisu. Nawe ukaniuliza swali moja tu: "Mama, wewe ulipopasuliwa, iliuma?"

Haikuuma. Walinitia dawa ya ganzi, nikasikia mtu anabonyezabonyeza jicho, maji yakinichuruzika shavuni, na juu yangu mwanga mkali ukisogea huku na huku. Kisha wakanifunga bandeji, wakaniketisha nje, wakanipa chai, na dada yako akanirudisha Katuba. Bukari, ugali wetu wa mchana, niliula nyumbani. Usiku jicho lilikwaruza kidogo, asubuhi likatulia. Mwambie hivyo hivyo, usiongeze wala usipunguze.

Lakini kuuma ni jambo dogo, Ilunga. Ningekuwa yeye, ningetaka mtu aniambie nitaona nini bandeji ikitoka, na baada ya hapo nitaishi vipi na hayo nitakayoyaona. Mimi sikuambiwa na mtu.

Unanijua mimi na ndege, wewe ndiye niliyekubebesha daftari tukishuka mto Kafubu. Sasa, miaka ile kabla ya kupasuliwa, kila ulipopiga simu nilikuwa na wimbo mmoja: ndege wamekwisha. Chozi hawaji tena kwenye maua ya uani. Keremkerem hawakai tena kwenye nyaya. Ukitazama mushitu, ule msitu mnene wa kule mtoni, unaona majani tu. Na sababu nilikuwa nayo tayari: makala, makaa ya kupikia. Mji mzima unapika kwa makala, na makala ni miombo iliyokatwa. Kila mwaka wachomaji wanakwenda mbali zaidi, na magunia yanarudi juu ya baiskeli mpaka humwoni anayesukuma. Mti ukienda, ndege naye anakwenda. Ule ukungu niliouona juu ya kila kitu nao nikaupa jina lake, moshi wa kiangazi, watu wanapochoma nyasi. Ila ukungu wenyewe uliendelea hata Januari, mvua ikiwa imeosha hewa yote.

Nyuma ya mboni kuna lenzi. Ya mtoto mdogo ni safi kabisa. Miaka ikisonga inageuka manjano, halafu kahawia, inapata ukungu ndani, huo ndio mtoto wa jicho, na mwanga unaozuiwa kwanza ni ule wa buluu na wa zambarau. Nyekundu inaendelea kupita. Mambo haya yanakwenda polepole mno, kwa hiyo mwenye jicho hasemi jicho limebadilika, anasema dunia imebadilika. Mchoro wa jicho niliuchora ubaoni kila mwaka nilipokuwa nafundisha biolojia, mshale huu mboni, mshale ule lenzi, lakini mchoro haukusaidii unapotazama kupitia kitu chenyewe. Ndiyo maana nasema, na nitasema mpaka mnizike: uzee si jina la ugonjwa. Mtu akikwambia "ni uzee" kabla hajamulika jicho, ondoka, nenda kwa mwingine.

Lenzi ile mbovu wanaitoa, wanaweka nyingine ya plastiki safi, upana wake milimita 6 hivi. Harold Ridley, daktari Mwingereza, aliona kwamba marubani wa Vita vya Pili vya Dunia waliokuwa wamepasukiwa na dirisha la plastiki walibaki na vipande machoni, na jicho halikuvikataa. Mwaka 1949, kule London, akamwekea mgonjwa lenzi ya plastiki ya aina ile. Kabla yake, na huku kwetu hata miaka mingi baada yake, mtu alitolewa lenzi tu, akapewa miwani minene. Unamkumbuka babu wa Kamina, macho makubwa nyuma ya vioo, akimimina bia pembeni mwa gilasi. Mama mkwe wako asidhani ndiyo hiyo inayomngoja.

Nilikatazwa kuinama, kubeba ndoo na kuingiza maji jichoni, na matone yalikuwa ya kila siku kwa wiki kadhaa. Nilitii. Nilipoachiliwa, mimi na dada yako tulikwenda Kafubu tukaketi chini ya mkuyu ule ule, tini zikiwa zimeiva. Shorobo niliwasikia kwanza, kama siku zote: mmoja anaanza kukoroma kooni, wenzake wanaitika, mara tawi zima lina kelele. Nikainua uso. Mmoja alikuwa anakimbia juu ya tawi, maana hao hukimbia matawini kuliko kuruka, akafika penye jua akasimama. Nilikuwa nimemzoea hivi: ndege mweusi, mdomo wa manjano, kishungi chekundu. Weusi haukuwepo. Mgongo, kifua, mkia ule mrefu, vyote zambarau, zambarau yenye buluu ndani yake, na alipojigeuza ikametameta. Nikafumba jicho la kulia nikamtazama kwa la kushoto, ambalo bado halijapasuliwa: mweusi, na mbingu nyuma yake kama karatasi iliyochovywa kwenye chai. Nikafumbua la kulia: zambarau. Nikafumba tena. Niliendelea hivyo mpaka dada yako akaniuliza kama jicho linawasha. Kisha ndege akaruka, mabawa yakafunguka, na ile nyekundu yake ikawaka.

Nyekundu ile unaijua ni nini, papa yenu aliwahadithia mpaka mkachoka. Ni shaba. Rangi ya bawa la shorobo ina shaba ndani yake, asilimia 7 hivi ya rangi yenyewe. Mwingereza mmoja mwanakemia, Arthur Church, alitangaza hilo mwaka 1869. Siku nilipomsomea papa yenu habari hiyo alikuwa ametoka zamu ya usiku kwenye tanuru za shaba, buti bado miguuni, akacheka peke yake muda mrefu, akasema, "Kumbe mimi na huyu kazi yetu moja."

Na hapo ndipo panaponichoma.

Unaikumbuka Jumapili ile ya kiangazi mjomba wako alipoleta mbuzi. Shorobo walikuja mkuyuni tukiwa tunakula. Nikasema, "Papa Ilunga, tazama zambarau ile." Akainua darubini, akatazama sana, akasema, "Zambarau iko wapi, Mama Ilunga? Huyu ndege ni mweusi." Mjomba wako akaangua kicheko, eti shemeji amekaa na tanuru mpaka amesahau rangi. Mkeka mzima ukacheka. Papa yenu hakujibu. Alirudisha darubini kwenye mfuko wake, akabana kile kifungo cha ngozi, na kidole gumba kikabaki pale juu ya kifungo, kinakisugua, kinakisugua, mpaka sahani zikaondolewa. Wewe ulikuwa umepanda mwembe pamoja na wenzako, pengine hukuona. Mimi niliona.

Juma lililofuata nikampeleka kwa matibabu, mahali sitapataja. Mtu wa pale alimwuliza umri, akauandika, akasema, "Mzee, ni uzee, vumilia." Hakuwasha hata taa. Papa yenu alikuwa mtu wa kuheshimu karatasi ikishaandikwa. Hakwenda tena kwa mwingine, na darubini sikumwona akiifungua tena mpaka alipotutoka mwaka 2009.

Mtu aliyesimama maisha yake yote ya kazi mbele ya tanuru za shaba! Joto la tanuru likipiga macho mwaka baada ya mwaka linaharibu lenzi, na wapuliza vioo wa Ulaya walijulikana kwa ugonjwa huo tangu zamani. Swali moja tu, "Mzee, ulifanya kazi gani?", lingetosha kumfanya yule mtu achukue taa. Najiambia: hata kama angegunduliwa, pesa zingetoka wapi, nyote mlikuwa shuleni na pensheni inakuja inapotaka? Kisha najijibu: angalau angejua. Angejua kwamba alisema kweli mbele ya watu, kwamba ndani ya jicho lake yule ndege alikuwa mweusi kabisa, na kwamba shemeji yake hakuwa na haki ya kumcheka. Halafu najirudi tena: kujua bila kutibiwa kunamsaidia mtu nini? Hoja hiyo sijaimaliza, naibeba mpaka leo. Kitu kimoja kinanituliza: nyekundu hupita hata kwenye lenzi mbaya. Shaba yake aliendelea kuiona.

Sasa nikupe na upande wa pili, usije ukampelekea mama mkwe wako habari tamu peke yake. Jicho jipya halichagui cha kukuonyesha. Chozi walikuwepo uani muda wote ule, na sasa naona hata ule mng'ao wa kijani unaogeuka geuka shingoni mwa dume. Keremkerem wapo kwenye nyaya zao. Lakini hondohondo wa mushitu sijawaona, na leo siwezi kusingizia ukungu. Ng'ambo ya mto, pale nilipokuwa naona kijani hafifu nikadhani ni msitu umesimama mbali, ni nyasi na visiki. Nimevitazama kimoja kimoja, hata alama za shoka zinaonekana. Miaka yote ile sikuweza kutenga hasara ya jichoni na hasara ya porini, zilikuwa kitu kimoja. Daktari amenitengea. Kuna ndege ambao jicho limenirudishia, na kuna ambao makala yamewachukua kweli.

Kuna siku narudi nyumbani visiki vimenichosha kuliko shorobo walivyonifurahisha. Je, ningependa kubaki bila kuona? Hapana. Nafikiri hapana. Zamani nilikuwa nahuzunika kwa kila kitu bila kujua kipi, leo nahuzunika kwa hondohondo na kwa upande ule wa mto, basi, na mengine yote nafurahia. Ila sitakudanganya kwamba furaha ya kutazama ndege imerudi kama ilivyokuwa. Imerudi ikiwa na uchungu ndani yake, na hata hivyo naitaka. Kekeo akianza kulia mvua za kwanza natulia zaidi, maana huyo hujificha hata kwa mwenye macho mazima, tunamsikia tu, mimi na watoto wa jirani sawasawa.

Sasa nirudi kwenye habari ya mama mkwe wako. Noeli iliyopita, kwenye chakula kwao, aliniambia vitenge vya siku hizi buluu yake haidumu, viwanda vinaiba rangi. Akanionyesha bobini mbili za uzi juu ya cherehani yake, akasema, "Unaona, wameniuzia nyeusi zote mbili." Moja ilikuwa buluu ya bahari. Nilinyamaza kwa heshima, lakini usiku ule sikulala vizuri.

Kwa hiyo kuna jambo moja ambalo lazima alijue kabla, nalo ni kubwa kuliko maumivu. Lenzi hii ya plastiki haijikunji kama ile ya kuzaliwa. Ya plastiki ya kawaida inaona vizuri umbali mmoja tu. Mimi niliulizwa, mbali au karibu? Nikasema mbali, kwa ajili ya ndege, na barua hii naiandika na miwani ya kusomea puani. Yeye ni fundi. Amwambie daktari kwa mdomo wake mwenyewe kwamba anaishi kwa sindano, wapange naye. Asisubiri aulizwe. Aseme pia habari ya sukari yake, na nani atakuwa anamtilia matone, maana akiachiwa peke yake atasahau la mchana.

Unataka niseme umlazimishe? Sisemi. Ana watoto aliowazaa, na mkwe hamshiki mama mkwe mkono kumpeleka kwenye kisu. Mimi si daktari, na jicho la mtu lina habari zake. Kama ningekuwa na ruhusa ya kusema... hapana, nimesema sisemi. Lakini usimwulize tena kama anaogopa. Mpe zile bobini mbili, saa sita mchana, mlangoni penye mwanga, umwulize ipi ni nyeusi. Halafu mkae kimya wote wawili, yeye atakwambia. Akikubali, nitapanda gari nije Likasi nikae naye siku za mwanzo, nimpikie, nimkataze ndoo.

Na la mwisho. Darubini ya papa yenu iko kwako Kolwezi, uliichukua baada ya matanga nami sikukuzuia. Sasa naihitaji. Kwenye kioo cha kuwekea jicho, upande wa kulia, kuna pete inayozunguka. Hiyo ndiyo inayosawazisha macho mawili yasiyolingana, na macho yangu siku hizi hayalingani kabisa. Pete hiyo aliiweka yeye kwa macho yake. Usiizungushe. Nataka nitazame mara moja kama alivyoiacha, kisha nitaiweka kwa macho yangu. Mpe yule jirani yako anayekuja na gari Ijumaa, na uifunge kwenye taulo mbili, barabara ile unaijua.

Mama yako