Mwanangu, kuhusu hiyo unayoiita gari ya baba

Marahaba mwanangu. Meseji yako nimeisoma mara tatu, ya kwanza sina miwani nikadhani umeshaiuza, moyo ukanipasuka, ya pili nikavaa miwani, ya tatu nikarudia kwa ajili ya neno moja tu nitakalokuja kulisema. Umeuliza, "Mama, hii gari ya baba tuitengeneze au tuiuze chuma chakavu?" Na fundi wako ameshakuandikia karatasi, chesisi, ile fremu ya chini inayobeba gari lote, imeoza, injini imejam, breki hamna, tairi zimekufa, chini kabisa kaandika kwa wino mwekundu kwamba gharama inazidi thamani ya gari. Halafu ukanitumia na picha ya hiyo Land Rover imejaa majani makavu juu ya boneti, kana kwamba mi sijui inafananaje, wakati nikifungua dirisha asubuhi ndo kitu cha kwanza kuonana nacho.

Fundi wako sina ugomvi naye, nina swali moja tu, aliingia chini? Manake naona kaandika "chesisi imeoza" kama mtu aliyeinama, akachungulia, akajipangusa magoti akaondoka. Nimewaambieni toka mko wadogo, gari ni chesisi, mengine yote ni nguo. Najua wewe na dada yako mnanicheka kwa hiyo kauli, hata nikiwapigia simu kuuliza habari za mtu mnanijibu "chesisi nzima mama", haya, chekeni, lakini nioneshe siku niliyokosea. Hizi Land Rover zilianza 1948 huko Uingereza, vita vimeisha juzi tu, chuma kilikuwa cha mgao, aluminiamu ndo ilikuwa inapatikana, basi wakaivisha bodi ya aluminiamu juu ya chesisi ya chuma na mtindo ukabaki huohuo mpaka hii yetu, Series III, ambayo walitengeneza kuanzia 1971 mpaka 1985. Ndo maana ukipita pembeni unaona milango imenyooka, hakuna kutu nyekundu, unasema mbona nzima. Bodi ya Land Rover haitoi ushahidi, si wa uzima si wa ugonjwa. Pale aluminiamu inapogusana na chuma na unyevu upo utaona unga mweupe, hiyo nayo ni kuliwa, ila haitishi. Kinachotisha kiko chini, ile chesisi ni kama boksi refu lenye uwazi ndani, matope na maji yanaingia yanakaa humo, kutu inaanzia ndani inakuja nje, ukija kuiona kwa macho imeshakula miaka mingi.

Lakini hukuniuliza habari za kutu. Umeniuliza habari za "gari ya baba". Hilo ndo neno nililolirudia.

Ile safari ya usiku unaijua. Nani asiyeijua, baba yenu enzi za uhai wake akipata mgeni mpya tu anakitoa kile kipande cha hafu shafti, ule mtaimbo unaozungusha tairi, anakiweka mezani kama kikombe cha ushindi, halafu anaanza, usiku, mvua, mlima wa utelezi, shafti ya nyuma ikakatika, yeye kwa akili zake akaingiza fowili, yaani tairi zote nne zivute, gari ikavutwa na tairi za mbele mpaka kwa daktari. Wageni wanatikisa vichwa. Mi nipo jikoni nasikia. Ulikuwa na miaka minne, umelala kwenye benchi la nyuma umefungwa khanga zangu mbili, huwezi kuwa shahidi, na dada yako alikuwa analia tu. Kwa hiyo shahidi nimebaki mimi.

Aliyekuwa anaendesha ni yeye, hilo kweli. Kule chini kabla ya kupanda nilimwambia weka fowili kabisa, akasema bado, bado, hapa itapanda tu. Katikati ya mlima ikakwama. Baba yenu akiwa na wasiwasi alikuwa anageuka mkali, sasa akawa anakanyaga mafuta mpaka mwisho halafu anaiachia klachi ghafla, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu ikalia TA! kama kuni kavu, ikaisha. Injini inanguruma, gia imeingia, akiachia klachi gari haisogei. Akasema klachi imekufa. Akazima injini, akazima taa kutunza betri, akasema tulale hapahapa, kukipambazuka atashuka kwa miguu kutafuta msaada. Na wewe una homa, mwili unachoma kama pasi, ndo maana tulikuwa njiani saa zile. Hilo la homa yako kwenye hadithi yake halikuwemo, sijui kwa nini, labda ilimuuma.

Nilikuwa sijui kuendesha. Yaani leseni sina, usukani sijawahi kushika, lakini nilikuwa nimekaa kile kiti cha pembeni miaka sita, na anayekaa pembeni anaiona mikono ya dereva kuliko dereva mwenyewe. Nikamwambia iwashe tena, weka gia, achia klachi polepole, tunyamaze. Nikasikia kitu kinazunguka chini, kwa nyuma, kile kisauti cha propela, ule mtaimbo mrefu unaopeleka nguvu nyuma. Sasa klachi iliyokufa inazungushaje propela? Nguvu ilikuwa inatoka kwenye injini, inapita giaboksi, inafika difu ya nyuma, ile inayogawia tairi nguvu, halafu inapotelea hukohuko karibu na tairi. Sikuwa na majina ya hivyo vitu wakati ule, nilimwambia tu, kilichokatika kiko nyuma, na kama ni nyuma, mbele si kupo? Akacheka. Kicheko kile cha mtu aliyechoka. Akachukua tochi akashuka kwenda kuangalia tairi.

Nikasogea kwenye usukani. Pale chini kuna liva mbili fupi, ya kichwa chekundu ya gia nzito na nyepesi, na ya kichwa cha njano, ambayo ukiibonyeza chini inaunga mbele na nyuma. Nikaibonyeza ya njano kwa nguvu zangu zote, nikakanyaga klachi mguu unatetemeka, nikaweka gia namba moja, nikaachia taratibu. Tairi za mbele zikasaga. Zilisaga matope tu, gari haikupanda hata hatua, tairi mbili za mbele haziwezi mlima kama ule, baba yako akaja dirishani anapiga kelele unafanya nini, na mimi nacheka peke yangu ndani, manake gari iliyokufa klachi haisagi matope! Alinyamaza. Alielewa palepale, mtu mwenye akili alikuwa baba yako, simnyimi. Nikairudisha kinyumenyume mpaka chini, yeye anatembea pembeni ananimulikia tochi, kushoto, kushoto, nyoosha, mi nalia sasa, sijui ni woga au furaha, tukazunguka ile njia ndefu ya tambarare.

Tulipofika barabara nzuri akafungua mlango akasema, sogea.

Nikasogea. Kwa hiyo tulipofika kwa daktari watu wakamwona yeye ndo kashika usukani, na hadithi ikawa ya aliyeshika usukani. Siku ya kwanza kuisimulia nilidhani anatania, nikangoja afike mahali pangu. Hakufika. Ya pili nikasema labda kasahau kidogo. Baada ya hapo ningesema nini mbele za watu? Nikiingilia naonekana mke wa ajabu, nikinyamaza nafuga kidonda. Nikachagua kidonda. Wiki ileile lakini alinifundisha kuendesha, bila mimi kumwomba, kila jioni kwa wiki mbili, kwa uvumilivu mwingi mno kwa mtu kama yeye, na nimekaa miaka yote hii nikijiambia ile ndo ilikuwa samahani yake. Siku nyingine najiambia hapana, aliogopa tu nisije nikajifunza peke yangu. Siku nyingine sitaki kujua.

Sasa, gari. Kama unataka kuitengeneza ili iwe kaburi la pili la baba yako, usijisumbue, la kwanza lipo na tunalisafisha vizuri. Gari ya kuitazama kwa huzuni itatengenezwa, itang'arishwa, itapigwa picha, halafu itarudi chini ya mti mwingine. Na tuseme ukweli, Land Rover ile haikuwa gari ya raha. Usukani mzito, inaunguruma huwezi kuongea, inakunywa petroli kama ina kiu ya kurogwa, vile viti vya nyuma vya kutazamana havina mikanda, wajukuu zangu hawapandi huko, hilo tusijadili. Kwa hiyo ikikatwa ikatwe, nani atalaumu? Ni mabati. Lakini basi nikifika hapo nasikia kile kisauti cha propela gizani. Mabati yapi? Yale yalikufikisha kwa daktari. Haya ona sasa, nimekukataza kaburi halafu mwenyewe naanza kulijengea.

Tuache hilo. Fanya hivi, njoo na nyundo ndogo na bisibisi kubwa, uingie chini mwenyewe na ovaroli, si kwa simu. Gonga chesisi yote mwanzo hadi mwisho. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kama boksi la karatasi, na bisibisi ikiingia umeshapata jibu. Anzia ile boriti ya chuma ya nyuma kabisa ya kufungia tela, vishikio vya springi, na ile mikono inayotoka pembeni kubeba bodi, hapo ndo panapotangulia. Halafu kagua ule ukuta wa chuma kati ya injini na miguu ya dereva, zulia litoe, usione aibu. Kama ni ncha tu zimeoza, zinakatwa mpaka kwenye chuma safi zinachomelewa mpya, na ukimwona fundi anabandika bati juu ya kutu mfukuze. Kama ni reli zenyewe katikati, hapo unazungumzia chesisi nyingine, zipo mpya zilizochovywa zinki, na bodi inafunguka kwa bolti inahamia, lakini namba ya chesisi na kadi ya gari uzimalize na wanaosajili magari kabla hujafungua nati hata moja, usije ukabaki na gari nzima isiyo na jina. Na chochote mtakachofanya, breki kabla ya injini. Mipira yake imekaa miaka minane, imekauka. Tairi soma zile namba nne ubavuni, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa, utacheka. Petroli ya zamani mwageni yote, ikishakaa hivyo inabaki gundi tu.

Na mkiamua kuikata, isiende nzima kwa kilo, ndo ujinga mkubwa kuliko yote. Giaboksi, ekseli, milango, vina watu wanavitafuta usiku na mchana, na aluminiamu inapimwa mbali na chuma, asikudanganye mtu.

Unataka niseme moja. Sisemi. Nikisema tengeneza utakopa, nakujua. Nikisema kata utaikata kesho, hilo ndo tatizo lako toka mdogo, unatii haraka halafu unahuzunika taratibu. Ningekuwa na miaka yako ningekuwa nimeshalala chini ya ile gari saa hizi, lakini hiyo si ruhusa, nimesema tu.

Ila hilo la injini kujam limeniudhi na sitalinyamazia. Fundi hakuizungusha. Angeizungusha na nini, betri haipo na hendeli ya kuzungushia injini kwa mkono mmeitafuta stoo mwaka mzima hamkuiona. Ipo nyuma ya mlango wa chumba changu. Kila mwezi, nikishahakikisha jirani hachungulii, naweka gia huru, natoa plagi, nadondoshea oili kidogo kwenye silinda, nachomeka hendeli pale mbele, kidole gumba nakilaza upande mmoja na vidole vingine kama baba yako alivyonifundisha, maana ikirudisha inavunja gumba, naizungusha. Nilianza wiki ya pili baada ya msiba. Jumapili iliyopita nimeizungusha. Inagoma kidogo halafu inaachia.

Mama yako.

Kile kipande cha shafti kiko kwa dada yako, anazuilia mlango. Mwambie anirudishie, hicho hakihusiani na uamuzi wenu.