Jibu: Zürich hadi Tirano na watoto wa miaka 4 na 7

Habari dada. Nimekuelewa hivi: mnataka kwenda na watoto kutoka Zürich, Uswisi, hadi Tirano, Italia, lakini nafasi za Bernina Express, treni ya watalii inayovuka milima ya Alps, zimejaa, na unahofu kwamba bila treni ile safari yenu imekwama. Haijakwama.

Kwanza angalia treni za kawaida za njia hiyohiyo. Zinapita reli ileile, milima ileile, na hazihitaji kuhifadhi kiti. Na mwanangu wa miaka minne mimi huzipenda zaidi, kwa sababu akichoka kukaa tunashuka kituo chochote, anakimbia kidogo, tunapanda inayofuata, kwa kawaida baada ya saa moja hivi. Kituo cha Alp Grüm ni pazuri sana kwa hilo: barafu ya mlimani ya Palü iko mbele ya macho yenu.

Tiketi: wa miaka 4 halipiwi nauli Uswisi. Wa miaka 7 mchukulie Junior Card, kadi ya usafiri ya watoto, faranga 30 kwa mwaka, halafu anasafiri bure akiwa na mzazi.

Kutoka Zürich, tafuta behewa la familia kwenye treni za ghorofa. Juu kuna mahali pa kuchezea. Kigari cha mtoto chukua kile chepesi kinachokunjika.

Jambo moja nakusisitizia: kutoka kituo cha Ospizio Bernina, mita 2,253 juu ya usawa wa bahari, mnateremka hadi Tirano, ambako hakufiki mita 450. Masikio ya watoto huziba. Wape maji wanywe kidogokidogo njia nzima ya kushuka, na nguo za baridi zisiwe chini kabisa ndani ya sanduku.